Picha ya Kukamua Shuka

Mama Sabuni aliifunga albamu kabla hajafika katikati, akaisukuma taratibu juu ya meza mpaka ikamgusa mpiga picha mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mnene wa harakaharaka, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni nyuma ya soko, na ofisi yake ilinukia limau mpaka macho yakawasha.

"Hawa watu wamefanyiwa nini?" akauliza.

"Wameoana," akasema mpiga picha.

"Mbona wanaonekana kama wanasubiri hukumu?"

Karani wake, kijana mwembamba aliyekuwa akibandika lebo pembeni, akacheka ndani ya kikombe cha chai. Mpiga picha naye akacheka kidogo. Afanyeje? Kazi anaitaka, na anayemcheka ndiye mwenye kazi.

Mama Sabuni akamweleza shida yake. Alitaka kalenda ya ukutani ya kuwapa wateja wake mwisho wa mwaka, na kila mwezi uwe na picha ya watu wakiwa nyumbani kwao: huyu anafua, huyu anaogesha mtoto, huyu anasugua sufuria. "Lakini watu hasa," akasema, "siyo sanamu. Una familia?"

"Ninayo."

"Basi anza na hiyo. Niletee picha za nyumbani kwako nilione jicho lako. Zikinipendeza, kalenda ni yako, ya mwaka huu na ya mwaka ujao, na picha za kwenye maboksi juu yake."

Mpiga picha akaichukua albamu yake, akashukuru mara mbili, akatoka. Njia nzima alikuwa akilipigia hesabu jambo lile. Tangu kila mtu aanze kutembea na kamera mfukoni ndani ya simu yake, studio yake ilikuwa imebaki na watu wa pasipoti tu, nao huja mmojammoja kama matone ya bomba bovu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikwisha mwambia aache kujisumbua, aje alinde geti la ghala lake. Tena alimwambia mbele ya watu, huku akimshika mabega kuyapima. "Sare yako ninayo, shemeji. Nilikuwa natafuta mtu wa saizi hii." Kalenda hii ikimponyoka, ataifunga studio na kuivaa sare ya shemeji yake. Hilo alilijua yeye, na mkewe alilijua, ingawa walikuwa hawajalitamka.

*

Nyumbani alizitoa picha zote za familia kwenye droo, akazitandaza kitandani. Zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa picha moja. Kabati la vyombo, ua la plastiki, na watu wamepangwa mbele yake kwa urefu: mkewe, mama yake mzazi, na binti yao waliyempa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Chiriku alikuwa akirefuka kutoka picha hadi picha. Wengine walibaki vilevile, mikono imenyooka, macho yamekodoka.

"Unatafuta nini?" mkewe akauliza kutoka kwenye cherehani. Alikuwa fundi, akiwashonea wanawake wa mtaa ule sebuleni kwake, na hicho cherehani ndicho kilichokuwa kikiilisha nyumba miezi yote hiyo.

"Natafuta picha yako ukiwa unacheka."

"Hujanichekesha mbele ya hiyo kamera hata siku moja. Kazi yako kunyoosha watu shingo."

Alipomweleza habari ya kalenda, mkewe aliacha kushona. Alikata uzi kwa meno, akafunika cherehani, akafunga kitambaa kichwani. Siku ile na ya pili yake nyumba ilisuguliwa mpaka ikapauka. Alikwenda kwa jirani, Mama Pacha, akaazima mapazia yake mapya na seti ya vikombe. Chiriku akasukwa. Mama yake mpiga picha, ambaye wote walimwita bibi, akavaa gauni lake la kutokea na viatu vya kisigino, akaketi jikoni karibu na jiko kama mgeni aliyepotea njia.

"Haya, fanyeni kama siku zote," akasema mpiga picha, kamera iko jichoni.

Hakuna aliyetikisika.

"Mama Chiriku, osha vyombo."

"Vyote visafi."

"Osha hivyohivyo."

Mkewe akachukua kikombe cha Mama Pacha, akakizungusha kwenye maji kwa vidole viwili, mkufu unang'aa shingoni.

"Na mimi nifanye nini?" akauliza bibi.

"Wewe kaa tu, mama."

"Nimekaa. Lakini siku zote huwa sikai na viatu. Vinanibana."

"Vivue basi."

"Nivivue? Nimejisumbua kuvivaa halafu miguu isionekane?"

Chiriku akaanza kucheka. Baba yake akamwambia atulie, naye akatulia. Baba akabonyeza kamera.

*

Mama Sabuni alizitazama picha zile akiwa amesimama. "Nyumba hii haijapata kuingia uchafu," akasema. "Sasa sabuni yangu wanainunulia nini?"

Karani akanyoosha shingo kuchungulia. "Lo, hayo si mapazia ya Mama Pacha? Mimi mpangaji wake. Juzi nimerudi, dirisha tupu, nikadhani ameibiwa."

Mpiga picha aliziokota picha moja moja, na kwa vile zilikuwa zimeteleza chini ya meza, ilimbidi apige magoti kuzifuata. Mama Sabuni akamwangalia kule chini, akahema.

"Usiniazimie nyumba ya mtu," akasema, sauti imepungua ukali. "Jaribu mara moja nyingine. Wiki ijayo. Baada ya hapo nitamtafuta mwingine."

Alipofika nyumbani alisema picha hazikupendeza, basi. Lakini karani alikuwa na mdomo. Jioni hiyo Mama Pacha alipokuja kuchukua mapazia yake, alikwisha pata habari zote.

"Nasikia nyumba yangu imekwenda kuomba kazi," akasema, akicheka, akiyakunja. "Ingenialika na mimi mwenyewe."

Mke wa mpiga picha alicheka naye mpaka mlangoni. Mlango ulipofungwa akabaki ameshika komeo, amewapa mgongo wenzake. "Nimesugua siku mbili," akasema.

*

Kwa kuwa studioni hakukuwa na mtu, kesho yake mpiga picha alibaki nyumbani. Alichukua kamera, akasimama mlangoni mwa jikoni kama askari wa zamu. Mkewe alipita mara ya kwanza, akapita ya pili. Ya tatu akaweka ndoo ya viazi mbele yake.

"Jikoni kwangu hakusimami mtu bure. Kama unakaa, menya."

"Nina kazi."

"Hata mimi ninayo. Menya."

Akashika kisu, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, akamenya. Alimenya vibaya, akitupa nusu ya kiazi pamoja na ganda, na bibi akamwambia kuwa kwa mkono huo angeifilisi hata shule ya bweni. Chiriku alikuwa akimpaka bibi mafuta kichwani huku akimwigiza mwalimu wake wa hesabu, mwanamume anayekatiza kila neno kwa chafya. Mke alikuwa akipinda upindo wa sketi ya mteja, pini zimemjaa mdomoni, akijizuia kucheka asije akazimeza.

Mpiga picha akainua macho kutoka kwenye kiazi. Pale kwenye kigoda alikuwa chini kuliko wote, na mwanga wa uani ulikuwa ukiingia kwa chini vilevile, ukipita juu ya maji ya beseni na kumpanda mkewe kidevuni. Miaka yote alikuwa akiwapiga watu hawa akiwa amesimama, na taa yake imewasimamia juu. Alifuta mkono mmoja kwenye suruali, akainua kamera kutoka kwenye mapaja, akapiga. Kisha akarudi kwenye kiazi.

"Umepiga?" akauliza Chiriku.

"Nimepiga."

"Mbona hujatuambia tutulie?"

"Nina viazi."

Wakamzoea. Aliyemenya, aliyefagia, aliyeshika uzi ili mkewe aupime, hakuwa mpiga picha tena, alikuwa baba wa pale ndani aliyepata kazi mpya ya kutumwa. Ilimchosha, na mara nyingi picha ilimpita mikono yake ikiwa imejaa sabuni. Lakini nyingine hazikumpita. Alimpata bibi kasinzia chini ya vidole vya Chiriku, kinywa wazi. Alimpata Chiriku akionja mchuzi na kusingizia anapima chumvi.

Siku ya kufua, yeye alipewa kazi ya kusuuza. Alikuwa amechutama mbele ya beseni la mwisho, kamera imefunikwa kitambaa kando yake. Mkewe na bibi walikuwa wakikamua shuka kubwa, kila mmoja kashika upande wake, wanasokota, mmoja huku na mwingine kule.

"Mama, shikilia."

"Nimeshikilia. Wewe ndiye unanivuta. Unataka nianguke hapa, uwaandikie barua ndugu zangu?"

"Sokota, mama."

"Nasokota. Mkwe gani huyu anamkamua mama mkwe wake na shuka."

Mkewe akaangua kicheko, kicheko cha kutoka tumboni, kichwa nyuma, mguu mmoja umeinuka, na bibi akivutwa kumfuata kama mtu aliyekamata kamba ya ng'ombe mkaidi. Maji yakawaruka. Mpiga picha alipiga mara moja tu, mkono unadondosha povu.

*

Alizisafisha studioni, akarudi nazo kabla ya chakula cha jioni, akazipanga juu ya meza ya cherehani. Bibi aliitazama ya kwake kwa muda mrefu. "Kinywa kiko wazi," akasema, "lakini nywele zimependeza. Nitie mwezi wa kwanza."

Mkewe aliishika ile ya shuka kwa ncha za vidole. Uso wake ulilegea. "Huyu ni mimi?" akauliza polepole. Akaisogeza dirishani. Mumewe akamwona akitabasamu peke yake, na moyo wake ukatulia, akasema: "Hiyo ndiyo. Mama Sabuni akiiona hiyo, kazi imekwisha."

Tabasamu likaondoka. Akaitazama tena, safari hii kama anavyotazama nguo ya mteja. Gauni lilikuwa la kushindia nyumbani, la zamani, na mkono alioinua ulionyesha wazi kuwa mshono wa kwapani umefumuka, kuanzia mkononi hadi mbavuni.

"Hii haitoki nje," akasema.

"Mama Chiriku."

"Haitoki. Mimi nawashonea mtaa mzima. Mteja anikabidhi kitambaa chake cha gharama, akirudi kwake akute kwapa langu limefumuka ukutani mwezi mzima?"

"Hakuna atakayeangalia kwapa."

"Mama Pacha ataanzia hapohapo."

"Hii ndiyo itakayotuokoa," akasema mumewe.

"Basi tuokoe kwa nyingine. Ile ya mapazia nilikubali, nikachekwa. Nimetosheka."

"Unataka nikavae sare ya kaka yako?"

Hilo lilikuwa limekaa kati yao siku nyingi, na sasa lilikuwa limetoka. Bibi akamshika Chiriku mkono, "Twende, mke mwenzangu, ukanioneshe mwezi," na mwezi ulikuwa haujatoka. Mke aliiweka picha chini, uso wake chini, akaanza kuendesha cherehani ingawa hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

"Sijasema hivyo," akasema mwishowe. "Nimesema hiyo ni yangu."

*

Siku ya kurudi kwa Mama Sabuni, mpiga picha aliweka picha zote kwenye bahasha. Ya shuka nayo akaitia. Alijiambia anaichukua tu, kuichukua siyo kuionyesha.

Mama Sabuni safari hii alikaa. Akaivuta taa. Alicheka alipomwona bibi, akamwita karani aje amwone. Ya mchuzi akaiweka kando. "Sasa hawa ni watu," akasema. "Lakini sioni mtu anayefua. Mimi nauza sabuni, baba. Huna ya kufua?"

Mkono wa mpiga picha ulikuwa juu ya bahasha. Aliisikia karatasi ile moja ndani yake kana kwamba ilikuwa nzito kuliko nyingine.

"Ninayo," akasema.

"Ilete."

"Mwenyewe hajaruhusu."

"Mwenyewe nani? Si wewe uliyepiga?"

"Mke wangu. Picha ni yangu, lakini kwapa ni lake."

Karani akapaliwa na chai. Mama Sabuni hakucheka. Aliiangalia bahasha, akamwangalia mwenye bahasha, na mpiga picha akaona anapima kama amsukume kidogo. Angemsukuma, pengine angeitoa.

"Ni nzuri?"

"Sijapata kupiga nzuri kama hiyo."

"Na unaondoka nayo."

"Naondoka nayo."

Mama Sabuni akazikusanya nyingine, akampa. "Sina kalenda ya sabuni isiyokuwa na mtu anayefua. Niletee wanaofua, wenye ruhusa, kufikia Alhamisi. Nyumba yoyote. Nikikosa, nitampa kijana mmoja mwenye simu kubwa, amenisumbua sana."

*

Alimkuta mkewe anavunja kuni za kesho. Akampa ile picha mkononi.

"Ulikwenda nayo," akasema mkewe.

"Nilikwenda nayo."

"Ulimwonyesha?"

"Hapana. Aliitaka."

Akamweleza yote, hata la kwapa. Mkewe aliposikia la kwapa alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na kwa muda mumewe hakujua kama analia. Alikuwa anacheka. Alipomaliza akajifuta macho kwa upindo wa gauni, akaingia ndani na picha yake, akaibandika nyuma ya mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo ukifunga hapaoni mtu. Kisha akavaa ndala.

"Unakwenda wapi?"

"Kukutafutia pa kufulia."

Mama Pacha alikuwa uani kwake na rundo la mablanketi, maana watoto wake pacha walikuwa bado wanakojoa kitandani, na hilo mtaa mzima ulilijua.

"Mume wangu anatafuta kazi ya kufua," akasema mke wa mpiga picha.

"Jamani. Mambo yamefika huko?"

"Atakusuuzia na kukukamulia yote haya. Atakuwa na kamera yake. Atakapopiga, utaziona wewe kwanza, usiyoitaka unaichana palepale mbele yake."

Mama Pacha akaacha kusugua. "Na mapazia yangu yatatokea?"

"Ukitaka yatokee, yatokee. Ni yako."

Mama Pacha akafikiri huku povu linamtiririka viwikoni. "Asubuhi na mapema," akasema, "kabla jua halijawa kali. Na aje na suruali fupi, siyo ile ya kupigia watu pasipoti."

Akaja na suruali fupi. Pacha walimzunguka wakimcheka miguu, na mama yao akamcheka anavyosuuza. Blanketi la kwanza lilipotoka kwenye maji lilikuwa zito kama ndama, na Mama Pacha, aliyekuwa amejipaka poda na kuvaa hereni kwa ajili ya kamera, akasimama wima na kutazama mbele.

"Nipige sasa," akasema.

"Bado," akasema mpiga picha, mikono imezama hadi viwiko. "Shika kwanza upande huo."

*

Kalenda ilitoka mwisho wa mwaka. Mtu wa kwanza kuileta nyumbani alikuwa shemeji, ameikunja kwapani, kwa kuwa naye alikuwa amenunua sabuni za ghala. Geti lake lilikuwa limekwisha pata mlinzi mwingine, na sare, alisema, ilimpwaya. Akaifungua juu ya meza ya dada yake, ukurasa kwa ukurasa.

"Mama Pacha huyu, na blanketi. Huyu fundi viatu anaogesha mtoto. Tazama bibi, kalala, kinywa wazi mwezi wa nne mzima."

"Nilikuwa nafikiri," akasema bibi. "Na niliomba wa kwanza."

Shemeji akafika ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akaupitia tena mwaka mzima. "Wamo wote wa mtaa huu. Dada, mbona wewe humo? Mumeo kawapiga wake za watu, wa kwake kamsahau?"

Mpiga picha alikuwa kwenye kigoda, anamenya viazi. Alitaka kujibu, lakini mkewe alikwisha simamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Hakunisahau," akasema. "Niliulizwa, nikakataa."

Akasogeza kalenda pembeni ili isipate mafuta ya cherehani, akaendelea kushona.